Magadi Yangu ya Mrenda Imeruka Angani

Watu wangu, leo magadi yangu ya kupikia mrenda imeruka angani hapa Kitengela.

Binti yangu Nafula ako na roketi ya chupa ya plastiki. Unaweka maji kidogo, unajaza hewa na pampu ya baiskeli, unaachilia. Maji yanasukumwa chini, chupa inaenda juu. Hakuna uchawi.

Lakini wiki yote ilikuwa inapinduka hewani kama kuku aliyechinjwa.

Leo ikapanda wima! Nikapiga vigelegele hadi majirani wakatoka.

"Umefanya nini?"

"Nimeweka uzito kwa pua, mama. Mbele ikiwa nzito, haipinduki."

"Uzito gani?"

Akaangalia chini.

"Ile magadi ya baba."

Baba yake anafanya kazi mbali, kule mji wa Magadi, ambako hii magadi inatoka. Akiondoka alituachia bonge moja, na kila nikipika mrenda nakwangua kidogo sana, ndio lisiishe kabla arudi.

Tukakimbia. Roketi ilikuwa imeangukia katikati ya ng'ombe za jirani yetu, Mama Nashipae. Moja ilikuwa imepasua ile pua ya karatasi na inajilamba mdomo, imeshiba.

"Pole mama Nafula," Mama Nashipae akasema akicheka. "Ng'ombe na magadi, utatenganisha aje?"

Nikampigia mume wangu.

"Magadi imeisha."

"Si hata hapo dukani iko?"



Kweli, dukani iko.

Nyinyi mngemjibu aje?