Mguu wa Mheshimiwa

Saisi aliyemtunza alimwita farasi yule Mheshimiwa kwa sababu alikula vizuri, alisafiri kwa gari lake mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumwuliza jana alifanya nini. Kazi yake ilikuwa kuruka viunzi mbele ya watu wanaopiga makofi. Siku aliyotua vibaya akachanika kano ya mguu wa mbele, saisi aliruka ua kumkimbilia, na kisigino chake mwenyewe kikaalika kama kijiti. Mheshimiwa alipigwa picha ya kano kwa mashine, akafungwa bendeji laini, akapewa likizo ndefu. Saisi alipewa pole, kisha akapewa kamba amtembeze mgonjwa.

Tangu hapo alijikaza kisabuni. Kila asubuhi alimmwagia Mheshimiwa maji baridi mguuni, na tajiri mwenye farasi asipokuwepo aliuingiza na wa kwake chini ya mpira wa maji. Alificha kuchechemea kwake, maana katika banda lile saisi asiyeweza kukimbia unga wake umeshamwagika.

"Si uende hospitali, baba watoto?" mkewe alimwuliza, akimkanda kwa maji ya chumvi.

"Watanifunga plasta, tajiri ataiona."

"Haya. Farasi ana daktari, wewe una beseni."

Siku ya ukaguzi ikafika. Tajiri alikuwa ameshatamka mbele ya wote kwamba Mheshimiwa akionekana bado anachechemea, atadungwa sindano ya mwisho, kwani kuna farasi mwingine anayesubiri nafasi. Saisi alikuwa amemlea mnyama huyo tangu akiogopa hata ndoo. Alimpenda, basi, na asiyeelewa hilo hajawahi kulea kitu.

Daktari wa mifugo aliitazama picha mpya akatabasamu. Kano ilikuwa imeunga vizuri. "Mkimbize kidogo tumwone," akasema.

Saisi akauma meno, akashika kamba kwa ufupi, akatoka mbio. Kila alipokanyagia kisigino kibovu mwili ulimdidimia, kamba ikavuta, na kichwa cha Mheshimiwa kikainama. Daktari akakunja uso. Farasi anayeinamisha kichwa hivyo anaumwa mguu wa mbele. Hata mfagizi wa banda anajua.

"Picha inasema amepona, kichwa kinakataa. Rudia."

Akarudia. Kichwa kikainama vilevile.

"Basi yaishe," tajiri akasema, akatoa simu kumwagiza yule farasi mwingine, kwa utulivu wa mtu anayeagiza mchanga.

Hapo ndipo saisi alipoutazama mkono wake, akaona unachofanya. Kumpa mwingine kamba? Miaka yote alikuwa ametamba kwamba Mheshimiwa haongozwi na mtu ila yeye. Fundi wa kwato, aliyesimama pale ukutani akitazama, alishafokewa kwa kuigusa tu hatamu. Na kumfikia fundi kulitaka hatua kadhaa, tena mbele ya macho ya tajiri. Akamtazama Mheshimiwa apate faraja. Mheshimiwa alikuwa ananusa mfuko wake kutafuta karoti.

"Bosi, huyu mzima," akasema. "Mimi ndiye ninayechechemea. Ninamvuta kichwa."

Akavua kiatu, wakakiona kisigino kilivyovimba. Kisha akachechemea waziwazi hadi kwa fundi wa kwato, akamkabidhi kamba.

Mheshimiwa akakimbia na fundi kana kwamba wamelelewa nyumba moja, kichwa kimetulia, mkia juu, wala hakugeuka nyuma. Saisi akatokwa na machozi ya furaha, na ya wivu kidogo pia.

Tajiri alimkumbatia farasi shingoni kwa muda mrefu. Daktari, mtu wa watu, akainama akakibonyeza kile kisigino.

"Na hii ni kano," akasema. "Imechanika kama ile ya farasi. Huyu naye anahitaji likizo ndefu."

"Kwani huyu anaruka viunzi?" tajiri akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa. Kisha akamgeukia fundi wa kwato. "Kesho uje mapema. Naona mmezoeana."