Kereng'ende wa Shaba Anaanziwa Wapi?

Duane Prohaska alikuwa na duka la vitabu vya katuni mtaani kwetu, Toledo, jimbo la Ohio, na kipaji adimu cha kumfukuza mteja bila kumtukana. Mtu anaingia na swali dogo tu: "Huyu shujaa Kereng'ende wa Shaba nianzie wapi kumsoma?" Duane anavuta kiti, anasafisha koo, na maskini yule anajua amekwisha.

"Toleo la kwanza, la miaka ya sitini," Duane anasema. "Ukifika yale ya chini ya bahari, ruka, yalishafutwa. Halafu anakufa. Kile kifo hakihesabiwi. Rudi nyuma usome ya dada yake, la sivyo hutaelewa kwa nini alifufuka na ndevu."

Wateja walimshukuru sana. Watu wa Ohio tuna adabu. Walinunua kikombe chenye picha ya shujaa, wakaenda zao, wasirudi tena. Duane alisikitika kwamba watu wa siku hizi hawana subira.

Mlango wa pili alikuwepo Verlene Hruska, mjane mwenye duka la mashine za kufulia, ambako watu hulipia kufua nguo zao. Majira ya baridi yale alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akaambiwa akae chini atulie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akaingia kwa Duane na mkongojo wake, akitafuta cha kusoma.

Duane akaanza. Alipofika kwenye kifo cha pili, Verlene akamkata.

"We Duane, mimi nina nyonga ya bandia. Hiyo safari yako nitaifia njiani."

"Lakini Verlene, bila msingi hutaelewa kitu!"

"Mume wangu nilimkuta ana miaka arobaini. Niliuliza msingi?"

Akachukua toleo moja kwenye boksi la yaliyochakaa, kwa sababu kwenye jalada shujaa alikuwa amekwama kwenye lifti na mama mkwe wake. Duane akafumba macho kwa uchungu. Lilikuwa la katikati kabisa ya mkasa.

Verlene alilisoma akicheka mpaka nyonga ikalalamika, kisha akaliacha juu ya meza ya kukunjia nguo. Anayesubiri mashine ikaushe shuka zake husoma chochote, hata maelezo ya sabuni. Haukupita muda, watu wakawa wanaingia kwa Duane na vikapu vya nguo mkononi: "Lile linalofuata la lifti unalo?"

Mwenye duka mwingine angemshukuru Mungu. Duane alikasirika. Alitoka akaingia hapo jirani kwa Verlene, akamkuta Odessa, muuguzi wa zamu za usiku, akibishana na fundi wa mapaa aitwaye Lonnie.

"Mama mkwe ndiye adui, nakwambia!" Lonnie alisema.

"Hujui wakwe wewe. Yule anamlinda," Odessa akajibu.

"Wote mmekosea," Duane akaingilia. "Mama mkwe kwa kweli ni..."

"Nyamaza!" Duka zima likafoka, pamoja na bibi mmoja aliyekuwa haongei na mtu.

Verlene akamtazama. "Duane, hivi lini mara ya mwisho ulisoma moja ukafurahi?"

Miaka yote ile Duane alikuwa akiyapanga matoleo yake, akiyatia kwenye mifuko ya plastiki na kuibandika gundi, kama mtu anayehifadhi maiti za kifalme. Alijua nani alikufa toleo gani. Kama kifo chenyewe kilimuuma, hakukumbuka.

Alirudi dukani kwake. Baadaye akaja na toleo alilolifungia tangu aliponunua, akamwomba Verlene mkasi. Verlene alimpa bila neno la kejeli, na hilo kwake lilikuwa gumu kuliko upasuaji. Duane akakata plastiki, akakaa kwenye benchi kati ya Odessa na mashine iliyokuwa ikitikisika, akasoma. Kwenye ukurasa fulani akacheka, akashtuka kama mtu aliyecheua kanisani.

Mara mteja mgeni akachungulia mlangoni. "Samahani, mwenye duka la katuni yuko wapi? Nataka kuuliza nianzie wapi."

"Subiri kwanza," Duane akasema bila kuinua macho. "Lifti inafunguka."