Bibi wa Kilimarondo na Sindano ya Mofini

Nilihamia Nachingwea kikazi nikitokea Njombe. Wiki ya kwanza tu nilijua kwamba sweta zangu tatu sitazivaa tena, na kwamba Kiswahili changu, nilichokuwa nakiringia, hakitoshi. Nusu ya wagonjwa wa wodi ya wanawake walikuwa wanaugulia maumivu kwa Kimwera, Kimakua na Kiyao, na mimi nilikuwa nasimama pale na faili mkononi, natabasamu kama mgeni wa harusi asiyejua amealikwa na nani.

Bahati yangu ilikuwa muuguzi mwenzangu wa zamu. Mwanamke mtu mzima, mzaliwa wa hapohapo, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alikuwa mkalimani wangu, mwalimu wangu, na mshika ufunguo wa pili wa kabati la mofini. Kabati lile lilikuwa halifunguliwi na mtu mmoja. Ufunguo wangu na wake, ndipo mlango uachie.

Asubuhi moja, msimu wa kuvuna ufuta, pikapu ilitushushia bibi mmoja kutoka Kilimarondo, amelazwa kwenye godoro, paja limefungwa kwa vipande vya mbao na kanga mbili. Alikuwa amepanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti wanalojenga shambani kulindia mazao, akiwafokea ngedere. Alifoka kwa hamasa mpaka akasahau amesimama wapi. Mdogo wake, mama wa miaka hamsini hivi aliyemsindikiza, alisema ngedere walisimama kidogo kumtazama pale chini, kisha wakaendelea kula.

Nilimwinamia. "Shikamoo bibi. Pole sana. Kati ya sifuri na kumi, maumivu yako wapi?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Yako pajani, mwanangu. Huyaoni?"

Mwenzangu alicheka mpaka miwani ikamshuka. Lakini hapo hapo aliacha kucheka, akanionyesha mkono wa bibi. Ulikuwa umeng'ang'ania chuma cha kitanda, vidole vimebadilika rangi. "Namba zako ziweke pembeni," aliniambia. "Soma pale."

Daktari aliandika mofini ya sindano. Chuoni nilikuwa nimeisoma, nikaifaulu, ila kuishika kwa mkono wangu kwa ajili ya mtu mwenye jina ni jambo jingine. Kichupa chenyewe kidogo kama ncha ya kidole. Mwenzangu alinifanya nisome maandishi yake kwa sauti, jina na nguvu ya dawa, halafu naye akasoma. Tukaichanganya na maji ya sindano ili iwe rahisi kutoa kidogo kidogo, tukapiga hesabu kila mtu kivyake, majibu yakalingana. Nikaanza kuisukuma kwenye mshipa.

"Polepole," alisema. "Huogeshi ng'ombe."

Nikasukuma kidogo, nikasubiri, nikamtazama bibi usoni, nikasukuma tena. Baada ya dakika kadhaa vile vidole viliachia chuma, kimoja kimoja. Bibi akajikuna pua. Akashusha pumzi ndefu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Sasa leteni chai."

Nilitoka nje ya wodi nikafuta macho. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kumwondolea mtu maumivu kunaweza kukuliza.

Mdogo wake hakufurahi kama mimi. Alinivuta pembeni. "Sista, nimesikia jina. Hii si ndiyo jamii ya ile inayowaharibu vijana mijini? Dada yangu atakuja kuwa teja uzeeni?"

Nilimwambia ukweli kadiri nilivyoujua. Ni ya ukoo uleule, ndiyo maana inakaa kwenye kabati la funguo mbili. Lakini kwa mfupa uliovunjika, kwa kipimo, kwa siku chache, tukiwa tunamwangalia na kuipunguza kadiri maumivu yanavyopungua, hofu hiyo ni ndogo. Kumwacha alie siku nzima nako kuna madhara yake: hapati usingizi, hali chakula, hata kupumua vizuri anashindwa. Mama alitikisa kichwa, akaenda kununua uji.

Siku ya tatu mambo yalikaribia kuharibika.

Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi, na muda wa sindano ya bibi ulikuwa umefika. Nilikuta amelala fofofo, anakoroma. Mdogo wake alinipokea kwa tabasamu. "Leo amelala vizuri kweli. Mchome hivyohivyo, sista, asije akaamka na maumivu."

Nitakiri kwamba maneno yale yaliniingia. Bomba la sindano lilikuwa tayari, wodi ilikuwa tulivu, na mtu aliyelala anaonekana mtu aliyepona. Nilikuwa nimeshashika mkono wake niliposikia sauti ya mwenzangu nyuma yangu.

"Umehesabu?"

Sikuwa nimehesabu. Nikaweka kiganja juu ya kifua cha bibi, nikatazama saa yangu dakika nzima. Pumzi saba. Nikaanza upya, nikitumaini nimekosea. Saba tena, na katikati kimya kirefu kilichonifanya na mimi nisahau kupumua.

"Bibi!" Kimya. Nikambana bega kwa nguvu. Macho yakafunguka nusu, yakafumba. Mboni zilikuwa ndogo kama punje ya ufuta.

Mwenzangu alishamwita daktari. Tukamnyanyua kichwa, tukaweka oksijeni, tukawa tunamwita bila kuchoka. "Bibi, vuta pumzi! Vuta tena!" Daktari akaja na naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya mofini, akaitoa kidogo kidogo kwa makusudi. Alitaka pumzi zirudi bila kumrudishia bibi maumivu yote kwa mkupuo. Zikarudi. Nane. Kumi. Kumi na mbili.

Tulipitia karatasi yake. Kipimo kilikuwa sawa, saa zilikuwa sawa. Ndipo daktari akamgeukia mdogo wa bibi, kwa upole, "Mama, leo amekula nini?"

Mama akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe vya usingizi, alivyopewa kwenye duka la dawa baada ya kueleza kwamba dada yake hapati usingizi wa kutosha. Alikuwa ametia viwili kwenye uji. "Nilitaka apumzike," alisema, akaanza kulia. Aliyalia yale ambayo mimi nilipaswa kuyalia, kwa sababu habari za ukoo wa dawa na mateja tulizizungumza, lakini kwamba mofini haikutanishwi na dawa ya usingizi wala pombe bila daktari kujua, hilo sikumwambia. Na sikumuuliza kama kuna dawa nyingine anayompa.

Bibi alipoamka vizuri kidogo alisema maneno marefu kwa Kimwera. Nilimwomba mwenzangu anitafsirie. Alikataa.

Hatukumwacha peke yake mpaka jioni, maana naloksoni huisha mapema na mofini hubaki, na vile vidonge vya usingizi naloksoni haivigusi kabisa. Sindano iliyofuata ilipunguzwa, ikasogezwa mbele. Nami nikaketi na mdogo wake, nikamfundisha kuhesabu pumzi, na wakati gani atuite mbio. Nilifanikiwa kupita kiasi. Kufikia kesho yake alikuwa anahesabu wodi nzima, na mzee mmoja aliyekuja kumwona mkewe akasinzia kwenye benchi aliamshwa kwa kubanwa bega.

Shida iliyobaki ilikuwa choo, ambacho mofini hukifunga kama lango. Tulimpa dawa ya kulainisha, mdogo wake akaongeza mapapai, na siku mambo yalipofunguka bibi alitangaza mwenyewe, kwa lugha mbili.

Baada ya wiki tulihamia kwenye vidonge vya kawaida vya maumivu. Nilikwenda kumwarifu kwa uangalifu kwamba sindano sasa basi, nikiwa nimejiandaa kwa malalamiko.

"Basi mpeni mwingine," alisema. "Yule pale mlangoni analia."

Alipelekwa hospitali kubwa kuwekewa chuma, na miezi kadhaa baadaye alirudi kliniki kwa magongo, mnene, akilalamikia tu viatu.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Ruangwa. Katika wiki zangu za mwanzo akaletwa baba mmoja wa Chunyu, ameungua na maji ya moto mkono na kifua. Kabla ya kugusa ufunguo nilimwomba mkewe aniambie kila alichomeza mumewe tangu ajali. Mama yule alimwaga mkoba wake wote kitandani. Karanga, kitana, redio ndogo, chaja mbili, soksi moja.

"Tafuta mwenyewe, sista," alisema. "Na hiyo soksi ukiiona ya pili, unipe."