Wakoli na Filimbi ya Turbo

Wakoli, mume wangu, ni fundi wa malori hapa Bungoma tangu kabla hatujaoana. Alianza kama turniboi, msaidizi wa dereva, akapakia miwa na kusukuma magari kwa matope mpaka siku moja mtu akamkabidhi spana. Hakusomea kazi hii, aliisikiliza tu. Lori ikiingia getini alikuwa anainua mkono watu wanyamaze, halafu anataja ugonjwa kabla dereva hajashuka. Kuanzia Sirisia hadi Moi's Bridge walimjua kwa huo mkono.

Mimi ndiye niliyejua kwanza kwamba masikio yale yanamwacha. Ilikuwa kanisani. Wimbo uliisha, watu wakanyamaza, na Wakoli akaendelea na besi yake peke yake mpaka nikamgusa. Watu walitabasamu, wakadhani Roho amemshukia. Nyumbani alisema ni mafua. Nikajiuliza, mafua gani haya ya kutoka Pasaka mpaka mavuno? Nikaanza kumwombea kimya kimya, maana fundi asiyesikia injini ni kama mpishi asiyeonja, na habari kama hiyo ikitoka haiwezi kurudishwa.

Mwaka huo wa 2006, mahindi yakiwa yameanikwa kila uwanja na mvua inatishia bila msimu wake, lori moja ya Nderitu ilikataa milima. Nderitu ni mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa Moi's Bridge, na malori yake mawili ndiyo yaliyokuwa kazi kubwa ya Wakoli. Tulikula kwa hayo. Siku ile nilikuwa nimeleta chai gereji. Nikaona mume wangu akiinua mkono, watu wote wakanyamaza, naye ameinamisha kichwa kama zamani. Nilijua hasikii kitu.

Akasema ni filta ya dizeli. Wakabadilisha, lori ikaenda. Kesho yake ikalala mlimani kule baada ya Kamukuywa, imejaa magunia, inatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi.

Nderitu alikuja mwenyewe. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilinitisha.

"Fundi, tumetoka mbali na wewe," alisema. "Lakini ikinirudia tena, nitazipeleka zote mbili Eldoret. Si ubaya. Ni mahindi ya watu, yatanyeshewa barabarani."

Wakoli hakula usiku ule. Asubuhi nilimfuata gereji, ambako lori ilikuwa imeshavutwa kutoka mlimani, nikakaa juu ya tairi kuukuu nikidarizi kitambaa, lakini sindano ilikuwa inanichoma tu.

Siku hiyo hakuinua mkono. Aliingia chini ya boneti na vidole. Alipapasa paipu za hewa moja moja kama mama anayetafuta homa kwa mtoto. Alipofika kwenye turbo akasimama, akavuta kitu. Kilikuwa kipande cha waya, ule wa kufungia vyuma vya nyumba, umekatika na kuungua.

Akamwonyesha Kim, dereva, mpwa wa Nderitu. Kim akaangalia viatu vyake.

"Si ilikuwa inalala kwa mlima, mzee," alisema. "Maboi wa Kitale wakaniambia funga hiyo rodi na waya, itapanda kama ndege."

"Na ikapanda?"

"Ikapanda, bana. Mpaka waya ikakatika."

Wakoli akamwambia ashukuru Mungu imekatika, la sivyo ingepasua injini. Halafu akanieleza mimi, kwa sababu niliuliza. Turbo inazungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani, lori ipate nguvu. Kando yake kuna kamlango ka kuachia moshi ukizidi. Kamlango hako kanashikwa na kikopo chenye springi ndani na rodi nje, mafundi wanakiita akchueta. Springi ikifa, kamlango kanabaki wazi, moshi unapita bure, turbo inalala. Waya wa Kim ulikafunga kabisa, kasiweze kuachia hata moshi ukizidi.

Akasukuma rodi kwa kidole kimoja. Ikaenda bila kukataa. Akaomba pampu ya mtu wa matairi, akatia hewa kidogo kwa kikopo. Rodi ikatoka, lakini hewa ilipoachiliwa haikurudi.

"Huyu amekufa," akasema. Waya akautia mfukoni, na mbele ya watu hakuutaja tena.

Kim akatumwa Kitale kutafuta kikopo kingine. Alirudi nacho jioni, na asubuhi Wakoli akakifunga, akapima kwa pampu, rodi ikatoka na kurudi. Ilibaki kujua kama nati ya rodi imekaa mahali pake. Ikilegea, lori haina nguvu, ikikazwa sana, ni kama ule waya. Hapo ndipo mafundi husikiliza filimbi ya turbo mlimani, lori ikiwa na mzigo.

Akaja akasimama karibu nami sana.

"Mama Nekoye," akasema polepole, "leo utapanda na mimi."

Nilipanda. Wakoli kwenye usukani, mimi katikati, Kim mlangoni. Tulipovuka daraja la Kamukuywa mlima ukaanza. Nikasikia filimbi, nyembamba, ikipanda. Ikazidi kupanda, ikawa kali kama ya refa. Nikamgonga goti, kama alivyoniagiza, ajue imezidi. Akasimamisha, akashuka, akalegeza nati kidogo. Tukarudi chini, tukaanza upya. Safari hii ilipanda, ikakaa pale pale, tulivu, na lori ikavuta magunia yake mpaka juu bila moshi. Nikaweka mkono wangu juu ya goti lake na kuuacha.

Kim alicheka. "Mzee, mimi nilijua kitambo. Nikikupigia honi unanipa mgongo. Lakini una waya yangu mfukoni, nitasema nini?"

Wakoli hakucheka. Mimi pia hapana. Biashara ya siri kwa siri haikunikalia vizuri, na nadhani hata yeye.

Tulipofika Moi's Bridge, Nderitu alikuwa uani. Wakoli akampa funguo, akabaki amesimama.

"Imepona," akasema. "Lakini masikio yangu yamekwisha, Nderitu. Filta nilikisia. Leo aliyesikia ni huyu mama."

Nderitu akaangalia lori, akaniangalia mimi. 

"Ulisikia filimbi wewe mwenyewe?"

"Niliisikia."

Akaingia ndani, akarudi na funguo nyingine.

"Hii ya pili inagonga chini ikishuka," akasema. "Twende mkaisikilize. Wote wawili."