Bunduki ya Harlan Quist na Risasi Fupi

Orville Hauge ametengeneza bunduki hapa Tolleby miaka arobaini na mitatu, na dosari yake ni moja tu: hawezi kulala na swali. Mpe bunduki iliyokwama, ataikwamua, lakini atataka kujua ilikwamaje, nani alikuwa ameishika, na asubuhi ile alikula nini. Sasa huku Minnesota, ambako mtu nyumba inamuungulia na bado anasema kuna kajoto kidogo, udadisi ni ugonjwa wa kuuguliwa peke yako.

Septemba ile aliingia Harlan Quist na Garand yake, bunduki ya enzi za vita inayojipakia yenyewe, ambayo ameshindana nayo kulenga shabaha tangu ujanani.

"Kahawa?" Orville aliuliza.

"La, usijisumbue."

"Kidogo tu."

"Nimeshakunywa nyumbani, bwana."

"Imeshachemka, Harlan."

"Haya basi, nusu kikombe."

Ndivyo inavyotakiwa. Huku kwetu jibu la kweli hutoka mara ya tatu, na anayekubali mara ya kwanza huonekana ana dhiki.

Harlan alitaka bunduki ibadilishwe itumie risasi fupi. Orville nusura apaliwe. Garand imezaliwa na risasi ndefu; ile fupi ilikuja baadaye, unene uleule, kimo tofauti. Kazi yenyewe haimshindi: mtutu mpya, na kipande cha chuma cha kuziba nafasi ili ndefu isiingie tena. Lakini kwa nini? Chumba cha chini cha Harlan kimejaa masanduku ya risasi ndefu, za kupiga mpaka parapanda ilie.

"Mbona, Harlan? Bunduki haina ubaya wowote."

"Basi tu."

"Basi tu gani? Mtu habadilishi mke kwa basi tu."

"Wewe hujabadilisha kwa sababu Marlys angekuchinja." Harlan alicheka, kisha akatazama dirishani. "Ile yangu ya kuwindia kulungu inatumia fupi. Nataka zifanane."

Orville akabaki na nusu ya jibu, na nusu huwasha kuliko kukosa kabisa. Mezani alimsumbua mkewe kwa swali hilo mpaka viazi vikapoa.

"Bega linamuuma," Marlys alisema.

"Teke la risasi fupi halipungui kiasi hicho."

"Si umuulize?"

"Nimemuuliza!"

"Umemuuliza kama mtu wa hapa. Muulize kama mtu anayetaka kujua."

Jibu lilikuwa mfukoni. Pamoja na bunduki Harlan alikuwa ameacha mfuko wa maganda matupu, maana wapiga shabaha hawatupi ganda; hulijaza tena. Orville aliyamwaga mezani aone yanavyochakaa. Yote yalikuwa marefu, isipokuwa moja. Lilikuwa fupi, limevimba, shingo imetoweka, ubavu umepasuka.

Aliligeuza kwenye mwanga akaelewa. Risasi fupi ilikuwa imepigwa ndani ya bunduki ya ndefu. Harlan, aliyewafundisha watoto wa mji huu usalama wa bunduki, aliyewafokea kwa kosa hilihili! Ndipo Orville alipokumbuka mengine: Harlan kanisani akimwita mchungaji kwa jina la marehemu mchungaji; Harlan akirudi nyumbani kwa miguu na gari ameliacha dukani. Mzee alitaka nyumba yenye risasi za aina moja tu, ili mkono wake mwenyewe usimsaliti. Udadisi wa Orville uliisha palepale, na alitamani angebaki nao.

Kazi aliifanya vizuri kama kawaida. Harlan alipokuja kuichukua, lile ganda lilikuwa mfukoni mwa Orville na halikutoka. Alijiambia ni heshima. Ulikuwa woga.

Wiki tatu baadaye, msimu wa kulungu ukikaribia, mlango ulifunguliwa. Harlan aliilaza Garand juu ya meza.

"Orville, nataka unibadilishie hii. Itumie risasi fupi."

Kwenye mtutu ulionekana mhuri wa Orville mwenyewe, bado mpya. Orville alilitoa lile ganda akaliweka kando ya bunduki.

"Nimeshaibadilisha, Harlan. Ulikuja Septemba."

Harlan alilichukua ganda, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko. Septemba ilimrudia polepole.

"Nilikuletea wewe," alisema, "kwa sababu nilijua utauliza."

"Niliuliza."

"Uliuliza mara mbili."

Orville aliona aibu, na hakuificha. Akakohoa.

"Basi hii ndiyo ya tatu. Una nini, ndugu yangu?"

"Nasahau. Nasahau na naogopa." Harlan aliisukuma bunduki upande wa Orville. "Kaa nayo. Na ile ya kulungu iko garini. Nenda ukaichukue wewe."