Anza na Mikono

Mwaka 2016 nilikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi Sandton, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama. Ukutani mbele yangu palikuwa na picha ya msomi wa Ulaya wa karne zilizopita, iliyochongwa mstari kwa mstari kwenye bamba la shaba kisha ikachapwa karatasini: nywele za bandia hadi mabegani, joho, pazia, vitabu, na maandishi ya Kilatini chini. Niliichukia. Alinitazama kutwa kana kwamba yeye ndiye aliyeniajiri.

Siku moja niliipiga picha kwa simu nikamwonyesha baba chumbani kwetu, mtaa wa La Rochelle. Kule nyumbani Bukavu baba alifundisha Kilatini kwenye sekondari ya wamisionari. Huku ugenini alifungasha maboksi kwenye ghala la Midrand, hadi mashine ilipomkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Sasa mapafu yalikuwa yamemlaza kitandani.

Aliikuza picha, akaupita uso kabisa.

"Uanze na mikono," akasema. "Uso kila mtu anaupamba. Unaona huu? Ni mkono wa mtu munene, na kichwa ni cha mtu mukondefu."

Akanieleza kuwa wachongaji wa zamani walitunza mabamba yao. Akifa msomi mwingine, walikwangua kichwa cha yule wa kwanza, wakachonga kipya, wakaacha joho na mikono vilevile. Akanisomea maandishi ya chini: picha imewekwa na wanawe.

"Watoto wake mwenyewe," akasema, akacheka hadi akakohoa. Kisha hakucheka tena. "Mimi usinifanye hivi. Nilifundisha, nikabeba maboksi. Yote mbili. Uwaonyeshe mukono wangu."

Nikamwahidi. Nilitaka tu anyamaze apumzike.

Alifariki baada ya wiki tatu. Kwetu matanga hayakosi picha kubwa ya marehemu, na mimi nilikuwa nayo moja tu ya karibuni: baba kitandani, blanketi hadi kifuani, mkono wake wa kulia juu ya blanketi. Nilipoitazama niliona haya. Watu wa kanisa wangeona chumba, wangeona ule mkono, wangejua tumeishi vipi. Nikaipeleka kwa fundi wa picha.

"Hakuna shida, papa, tutamuvalisha koti," akasema. "Nyuma tuweke vitabu?"

"Weka," nikasema.

Siku ya matanga baba alikuwa karibu na mlango, ndani ya suti ya bluu, mikono imekunjwa juu ya meza ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Mama mmoja wa kwaya akaniambia, "Kweli papa yako alikuwa professeur." Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi sana.

Kisha akaja mzee aliyefanya naye kazi ghalani, yule aliyemfunga kitambaa siku ya mashine. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Akainama hadi karibu na kioo, na nikaona midomo yake ikihesabu vidole. Alipomaliza akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Huyu ni nani?"

Nikamjibu kwamba ni baba.