Mtoto Hajambo

Niseme ukweli tangu mwanzo: ombi la shule ya binti yangu halikukwamishwa na Serikali peke yake. Nililikwamisha mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe na adabu zangu.

Nilikuwa fundi cherehani karibu na Igowole, miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Binti yetu aliugua surua akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo macho yakaanza kufifia. Hakupofuka kwa siku moja. Kila masika yakipita alikuwa anaona kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Nyumbani neno "kipofu" halikutamkwa kabisa. Wazee wetu waliamini kwamba ubaya ukiutaja unauita, na mimi Mlutheri nilijidai siamini mambo hayo, huku nikilikwepa neno lile kuliko wao. Mke wangu alikuwa anasogeza kinu na vigoda visikae njiani, kimyakimya. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mtoto alipotimiza miaka tisa, muuguzi mmoja wa misheni alinivuta kando akaniambia kuna shule ya watoto wasioona, upande wa Dodoma, wanafundishwa kusoma kwa vidole. Nilicheka. Kusoma kwa vidole! Akaniambia nisicheke, nikaombe upesi, kwa sababu mtoto akishakuwa mkubwa hawampokei tena.

Kuomba! Nilidhani ni sawa na kubisha hodi. Jumbe alitaka cheti cha daktari ndipo aandike barua. Daktari naye alitaka barua ya jumbe ndipo atoe cheti. Nilikwenda na kurudi baina yao mara nne, suruali za watu zikilala mezani bila mapindo, wenyewe wakinitukana. Mwishowe jumbe aliandika, ili apumzike na sura yangu, ndivyo alivyosema. Daktari akamwinulia mtoto vidole. "Vitatu," akajibu binti, na kweli vilikuwa vitatu. Akainua tena. "Viwili," akajibu, navyo vilikuwa vinne. Cheti kikaandikwa.

Nikapanda lori hadi Iringa na karatasi zangu mbili. Lugha yangu ni Kihehe, na Kiswahili changu cha wakati ule kilikuwa cha kuokoteza sokoni, basi njia nzima nilikuwa narudia salamu moyoni nisije nikachekwa bomani. Huko nilimkuta mzungu tuliyemwita Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, kijana bado, na Kiswahili chake cha kitabuni. Pembeni alikaa karani wake, mzee wa asili ya pwani, ambaye Kiswahili ni maziwa ya mama yake.

"Hujambo?" akauliza Bwana Shauri.

"Sijambo, Bwana."

"Mke hajambo?"

"Hajambo, Bwana."

"Na mtoto hajambo?"

"Hajambo kabisa, Bwana. Mzima."

Akatabasamu, akaandika kitu. Nami nikatabasamu kwa kuwa sikuteleza hata neno moja. Nilipofungua mdomo kueleza shida yangu akainua mkono: karatasi ameziona, nitajibiwa. Nje!

Mtu yeyote aliyelelewa anajua kwamba hata mwenye msiba hujibu "salama" kwanza, ndipo aseme "ila". Mimi nilikuwa na "ila" yangu mdomoni, naingoja zamu yake. Zamu haikuja.

Jibu lilichukua miezi mitano. Jumbe alinisomea mbele ya watu: ombi limefungwa, maana baba mwenyewe amesema mtoto hajambo, ni mzima. Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mke wangu hakucheka. "Baba watoto, ulimwambia nini huyo mzungu?"

"Nilimwitikia salamu tu."

"Salamu? Mtoto anakaribia kumi, wewe unakwenda kusalimiana?"

"Ningefanyaje? Nimjibu mkubwa vibaya?"

"Heshima si utumwa," akasema. "Umempeleka mtoto wangu bomani ukamrudisha mzima kwa mdomo. Sasa rudi ukamrudishe alivyo."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Nikarudi, safari hii na binti, maana barua ilisema anayetaka kupinga amlete mtoto. Yeye tulimwambia anakwenda kuona mji. Kuona! Hata uongo wetu ulikuwa hauna akili.

Karani ndiye aliyetupokea barazani. Nikamlipukia. "Mzee wangu, wewe ulikuwepo. Ulijua ile ni salamu!"

"Nilijua," akasema bila haya.

"Mbona hukumwambia?"

"Bwana hakuniuliza. Hapa, ndugu yangu, mtu hasemi asiloulizwa. Nina watoto saba." Akamtazama binti yangu, aliyekuwa ameshika pindo la koti langu, kisha akashusha sauti. "Leo akikusalimu, usiitikie. Jibu."

Nilimchukia, na ushauri wake nikauchukua. Tukaingia. Bwana Shauri alinikumbuka, akafurahi kupata wa kufanyia mazoezi.

"Hujambo? Mtoto hajambo?"

"Ana jambo, Bwana."

Akamgeukia karani. Neno hilo halikuwa katika kitabu chake. "Ana nini?"

"Ana jambo!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, miezi yote ile ilikuwa ndani yake. "Haoni! Binti yangu ni kipofu, Bwana. Kipofu! Andika hivyo!"

Karani, ambaye sasa alikuwa ameulizwa, akaeleza kwa Kiingereza, kirefu, akionyesha mkono kwangu na kwa mtoto. Bwana Shauri akawa mwekundu hadi masikioni. Akachukua faili, akakata mstari wake wa zamani, akaandika mwingine, akagonga muhuri. Mtoto atakwenda muhula ujao. Dakika chache tu, kazi iliyonila karibu mwaka mzima. Sikushukuru ipasavyo. Hasira ilikuwa bado haijanitoka.

Tuliposhuka ngazi ndipo nilipogundua kwamba binti ameliachia koti langu. Alisimama mwenyewe, uso ameuinamisha.

"Baba, kumbe ulikuwa unajua?"

"Najua nini, mwanangu?"

"Kwamba sioni."

Nikamwambia najua tangu zamani. Akasema, "Mimi nilidhani nimekuficha. Nahesabu hatua za kwenda kisimani. Na kwa daktari nilibahatisha vile vidole, usije ukaona aibu."

Miaka sita mtoto alikuwa anatutunza, naye mdogo, peke yake gizani, na sisi wazazi tunajisifu kwa kumtunza yeye. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamshika mkono tu, tukaanza kutembea kuelekea kwenye malori. Baada ya hatua kadhaa akanivuta nisimame.

"Basi mama usimwambie, baba," akasema. "Yeye bado hajui."